Buibui Katika Koti la Wifi

Kama umeumwa na mdudu na nyama ya pale alipouma imeanza kuwa nyeusi, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali leo. Usikubali mtu akuchanje. Hayo ndiyo ya haraka. Haya mengine utayasoma ukiwa umeshakaa kwenye benchi unasubiri kuitwa jina, maana huko utasubiri sana.

Naitwa Yustina. Ni mkulima wa huku juu Ufipa, kijiji kimoja nje ya Sumbawanga, upande ambao upepo hauna kitu cha kuuzuia. Tunalima mahindi, ulezi na maharage. Mimi nasema na binti yangu Skola anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia haupo tena, na wa kushoto bado unaandika kama wa mtoto wa chekechea.

Ilikuwa wakati wa baridi, mahindi yameshavunwa yako shambani yamerundikwa. Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda kuyapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na nilitoka nje na khanga mbili tu mabegani. Wifi yangu Oresta akaniona natetemeka. Oresta ni dada wa mume wangu Kornel, mjane, hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki alirudi kwao, akajengewa kinyumba cha vyumba viwili kwenye uwanja wetu, na tangu hapo nilikuwa napika naye, nateka maji naye, nakwenda misa naye. Akina dada wa mume wengine wanajulikana kwa maneno. Huyu alikuwa mtu wa kuninyamazishia mtoto nikiwa nimechoka.

Akaingia kwake akatoka na koti la marehemu mumewe, koti zito la kiume lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango tangu baridi ya mwaka uliopita.

"Vaa hili, wifi. Utakufa na baridi bure."

Nikaingiza mkono wa kulia. Karibu na kiwiko nikahisi kitu chepesi, kama uzi ulioachia, na kwa kuwa koti lilikuwa linabana nikasukuma mkono kwa nguvu. Ndipo nikachomwa. Haikuwa kali. Ukijidunga sindano ya kushonea utapata maumivu zaidi ya yale. Nikatoa mkono, nikakung'uta, akaanguka buibui chini, rangi ya kahawia, miguu myembamba imejikunja, upande mmoja umeshapondeka. Oresta akamkanyaga kwa kandambili.

"Maskini," akasema, "ulimkuta amelala kwake."

Tukacheka wote wawili. Nikalivaa lile koti, nikaenda kupakia mahindi mpaka jioni.

Nawaeleza hivyo vyote kwa sababu baadaye kila neno na kila kitendo cha asubuhi ile kilikuja kuulizwa. Nani alisema nini. Kwa nini alimkanyaga haraka hivyo. Kwa nini mlicheka.

Kesho yake palikuwa na kidoti chekundu chenye joto. Kufika jioni kikawa na rangi ya zambarau, pembeni peupe, katikati pana lengelenge. Nilikwenda zahanati. Muuguzi akanipa vidonge, akachukua kalamu akachora duara kwenye ngozi yangu kuuzunguka ule wekundu.

"Huu wekundu ukivuka mstari wangu, usirudi hapa. Nenda moja kwa moja mjini."

Ulivuka siku iliyofuata. Nilikuwa na homa, meno yanagongana, na mkono umevimba mpaka kwenye vidole. Nikamwambia Kornel aite bodaboda. Lakini kaka yake mkubwa, shemeji Deus, alikuwa ameshafika, na hakufika peke yake. Alikuja na fundi, mganga kutoka vijiji vya ng'ambo.

"Tumsikilize kaka kwanza," Kornel akasema. Alisema akiangalia sakafu.

Yule fundi hakuniuliza ninaumwaje. Aliuliza koti ni la nani. Kisha akanichanja kwa wembe kukizunguka kidonda, chale nyingi, akasugua dawa nyeusi ndani yake, huku akisema kwa Kifipa kwamba kilichoniuma kilikuwa na umbo la buibui, lakini mkono ulioniuma ni wa mtu wa ndani ya uwanja huu. Nilisikia. Oresta naye alisikia. Alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto aliyonichemshia.

Ile dawa ndiyo iliyoniozesha. Sisemi kwamba bila yule fundi ningepona bila kovu, hilo halijui mtu. Ila kidonda kilichokuwa kidogo kuliko kiganja cha mtoto kilipanuka mpaka kikafika kwenye kifundo cha mkono, na kikaanza kunuka. Siku ambayo sikuweza tena kuinua kichwa, Kornel alikuwa ametoka na kaka yake. Oresta hakungoja ruhusa ya mtu. Aliita bodaboda, akanipakia katikati, yeye akakaa nyuma akinishikilia kiunoni njia nzima hadi mjini, na kila tulipopita kwenye shimo alikuwa ananiambia pole.

*

Wodi ya upasuaji ina sauti yake. Asubuhi, baada ya chai, unasikia magurudumu ya kitoroli cha dawa yakija kwenye korido, na wanawake wote wananyamaza. Kila mmoja anajua kitasimama kwake. Kulowanisha bandeji, kuibandua, kukwangua kile kilichokufa, kuosha, kufunga upya. Wengine wanaimba nyimbo za kanisani wakifungwa. Mimi nilikuwa nauma kona ya shuka. Oresta alikaa upande wa pili wa kitanda akishika mkono wangu mzima, na akinitazama usoni ili nisitazame chini. Lakini nilitazama. Unatazama tu. Niliona vitu ndani ya mkono wangu ambavyo sikuwahi kujua kama viko humo, vyeupe na vinavyong'aa kama kamba ya katani iliyolowa.

Vidole vilianza kujikunja vyenyewe. Ngozi ya bega ikawa nyembamba na kavu. Nywele zikatoka kwa mafungu, na Oresta akaninyoa kwa kunificha ndani ya khanga, akaniambia kichwa changu kina umbo zuri.

Aliniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai kila asubuhi. Alikuwa anapika nyuma, kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, na usiku analala kwenye mkeka nje pamoja na wengine, kwenye baridi ile. Koti hakuwa nalo tena. Shemeji Deus alikuwa amelichoma.

Homa ilipopungua nikawa natembea mwenyewe hadi chumba cha kufungia vidonda, na hapo nje kuna benchi. Benchi hilo nalijua kuliko kanisa letu. Hapo ndipo nilipomfahamu Bi Zuhura, mama wa Kiislamu wa mjini, familia yake wana duka la vipuri na malori yanayokwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Alikuwa na kisukari na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Watu wengine walikuwa wanasogea nikikaa, kwa harufu yangu. Yeye alisogea, ila kuja upande wangu.

"Wewe una nini, mwanangu?"

"Buibui, mama."

"Buibui! Alikufuata au ulimfuata?"

Nikamweleza habari ya koti. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi mtandio ukamwanguka.

"Basi wewe ndiye uliyemvamia. Mtu amelala kwake, unamwingilia na mkono mzima! Hata mimi ningekuuma."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koti, na nilijisikia vizuri mpaka kitoroli kilipofika. Tangu hapo alinihifadhia nafasi, akaniletea chapati zilizofungwa kwenye taulo ili zisipoe. Tuliongea habari za miguu na mikono kama wengine wanavyoongea habari za watoto wao.

Swali lake lilinikaa kichwani. Siku daktari alipopita nikamuuliza. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Daktari, yule buibui kwa nini aliniuma? Mimi sikumfanyia kitu."

"Ulimfanyia, mama. Ulimbana. Buibui hana haja na mtu, hawezi kukula, hawezi kukuburuta akupeleke kwake. Akikuona mapema anakimbia. Anauma akikosa pa kukimbilia, na wengi hata wakibanwa hawaumi, wanakufa tu."

"Kwa hiyo hashambulii mtu?"

"Hashambulii. Wengi wanaokuja hapa wanasema buibui, kumbe ni jipu tu, hata mdudu hawakumwona. Wewe ulimwona, sawa. Lakini hakukutafuta."

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata. Nilikuwa na mkono unaooza, na nilifurahi. Niliona nimepata neno la kumaliza maneno yote ya nyumbani. Nilikuwa nimewaambia tangu mwanzo kwamba mimi ndiye niliyembana yule mdudu, niliwaambia nikiwa na homa na niliwaambia bila homa, na walikuwa wananijibu kwamba mgonjwa hajui kilichomuuma. Sasa lilikuwa neno la daktari.

*

Jumapili wakaja, saa ya kuona wagonjwa. Kornel, shemeji Deus na mjomba wao mmoja mzee. Oresta alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda ananinywesha uji. Akainuka akamwamkia mjomba, "Shikamoo, mjomba." Mjomba akalitazama dirisha.

Nikamwamkia mimi. Akaitikia marahaba. Nikaona nisichelewe, nikaanza.

"Shemeji, nimemuuliza daktari. Amesema buibui hamshambulii mtu. Anauma akibanwa tu. Mimi ndiye niliyembana. Hakuna mtu aliyefanya kitu."

Shemeji Deus si mtu wa kupayuka. Alikuwa katekista zamani, anaongea polepole kama anayesoma somo.

"Daktari kasema buibui hamshambulii mtu."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nakubali. Nyumba zetu zimejaa buibui. Wako juu ya dari, wako kwenye ghala, wako kwenye viatu. Nimewakuta ndani ya suruali yangu. Baba yetu amezeeka nao na hakuna aliyemuuma. Si ndivyo, mjomba?"

"Ndivyo," mjomba akasema.

"Basi huyu mmoja kwa nini aume? Tena kwenye koti la mtu fulani, na mtu huyo huyo ndiye aliyesema vaa? Kama mdudu mwenyewe hana ugomvi na watu, ugomvi huu ni wa nani?"

Nikasema, "Nilimbana, shemeji!" Nilisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

"Na wengi wakibanwa wanakufa tu, hawaumi. Hilo nalo daktari hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Na mimi uongo sikuuzoea. Nadhani alinisoma usoni. Yale maneno niliyoyaleta kumwokoa Oresta yaligeuzwa mbele ya macho yangu, moja moja, kama mtu anavyogeuza shati.

Oresta akasema, "Kaka, nilimpa koti kwa sababu ya baridi."

Shemeji Deus hakumjibu. Akamwambia Kornel, "Dada yako asilale tena karibu na mke wako."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili anaizungusha. Tumeoana kanisani, tumezika mtoto pamoja, na nilikuwa najua anachofikiri hata kabla hajakifikiri. Alijua dada yake hana kosa. Nilimwona akijua.

"Oresta," akasema, "nenda nyumbani kwanza. Skola atakuja kukaa na mama yake."

Aliondoka na khanga aliyovaa. Chupa ya chai aliiacha na uji ndani yake.

Nyumbani hakukaa. Vijana wa ukoo walipanda juu ya kinyumba chake mchana, wakaezua mabati, wakayapanga vizuri pembeni kama watu walioagizwa kazi. Hawakumpiga. Kwetu huku yapo yaliyowapata akina mama wengine, kwa hiyo majirani walisema ameonewa huruma. Alipanda lori la mahindi likamshusha hadi Milepa, chini kule bondeni, ambako mama yao mzazi alikuwa na ndugu. Skola ndiye aliyeniletea habari hizo, amekaa pale pale kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa kidato cha pili. Hakurudi shule muhula ule, wala ule uliofuata.

*

Baridi ikaisha, vumbi likaanza. Walijaribu kunibandika ngozi ya pajani. Sehemu ilishika, sehemu ikageuka kijivu ikabanduka pamoja na bandeji. Sasa nilikuwa na vidonda viwili, cha paja na cha mkono. Kisha mfupa ukaanza kuuma kwa ndani, maumivu ya aina nyingine kabisa, ya kimyakimya, yasiyopumzika. Daktari yule yule alikuja akavuta stuli akakaa, na alipokaa nilijua, kwa sababu huwa hawakai.

Siku moja kabla hawajanikata nilikwenda kwenye benchi ingawa sikuwa na zamu ya kufungwa. Nilitaka kumwambia Bi Zuhura. Nafasi yake ilikuwa tupu. Nikakaa nikamngoja. Muuguzi akaniambia wamempeleka Mbeya, sumu imepanda. Sijapata habari zake tena. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Oresta.

Ninyi mnaongoja kukatwa, sitawadanganya. Ukizinduka unakitafuta kiungo chako. Mimi nilihisi vidole vyote vitano, vimekunjamana, vinawasha, nikamwambia Skola anikune. Akainua shuka akatazama mahali pa kukuna, akaanza kulia. Hadi leo kidole cha shahada kinaniwasha mvua ikikaribia. Hakuna wa kukikuna.

Lakini yapo madogo mema, nayo niyataje. Kuna muuguzi wa kiume aliyenifundisha kufunga khanga kwa mkono mmoja na meno, na alijifunga ya kwake mbele ya wodi nzima ili nione, tukamcheka. Kuna padri. Nilimuuliza kama naweza kufanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Mama Skola, fanya kwa huo uliobaki." Na kuna usingizi. Mfupa ulipoondoka, maumivu yale ya ndani yaliondoka nao, nikalala siku nzima kama mtoto mchanga.

Nilirudi nyumbani na mvua za kwanza. Watu wote walikuwa mashambani wanatengeneza matuta. Nilisimama mlangoni nikasikia majembe. Nilikuwa mtu wa kumaliza shamba kabla ya jirani, na sasa nilikuwa namwangalia binti yangu akilima sehemu yangu. Kusonga ugali ni lazima mtu akushikie sufuria. Kufua ni kukanyaga kwa miguu. Kumsuka Skola hakuna tena. Ukimpa mtu mkono wa kushoto anasita, hajui aupokee au aone umemdharau, kwa hiyo wengi wanapunga kwa mbali, na baadaye wanaacha hata kupunga.

Niliwaambia watu: Oresta ameondoka tangu vumbi halijaanza, na mkono wangu umeendelea kuoza bila yeye. Kama ni yeye, kwa nini haukupona? Nilidhani hilo halina jibu. Shemeji Deus alilijibu bila hata kufikiri.

"Ameondoka nao."

Siku hizi watoto wa kijiji wanasema hivyo, kwamba mkono wangu uko Milepa.

Kornel ni mwema kwangu, anachanja kuni, ananikatia nyama vipande vidogo. Lakini amehamia chumba cha mbele, na jioni anakwenda kwenye pombe ya ulezi na kurudi ameshiba ukimya. Nilimwambia mara moja, "Unajua dada yako hakufanya kitu." Akasema, "Ni kaka yangu, Yustina. Nitafanyaje?" Hatujaongea tena juu ya hilo.

Na mimi, ambaye ninajua, ambaye nimewaeleza watu hadi nimechoka kwamba yule mdudu alikuwa anajitetea tu, siwezi kuvaa nguo yenye mikono mirefu. Skola lazima aikung'ute, aigeuze, aipapase ndani, na hata hivyo nikiingiza mkono huu uliobaki jasho linanitoka. Nikiona utando kwenye kona naita mtu. Kujua hakukunisaidia sana. Ninyi mnaosoma, kung'uteni nguo na viatu vilivyokaa muda mrefu, na mkimkuta humo mpeni nafasi akimbie, ndicho anachotaka.

*

Ulezi ulipovunwa, karibu mwaka umezunguka, nilimwambia Skola twende Milepa. Kornel hakutukataza, wala hakutupa salamu za kupeleka. Tuliteremka ukingo wa bonde kwa gari la wafanyabiashara wa samaki. Huku juu tulikuwa tumeacha baridi. Kule chini joto lilitupokea kama mlango wa tanuri la matofali. Nilikuwa nimembebea Oresta unga wa ulezi mpya na maharage. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia arudi, tutakaa naye nyumbani kwangu, chumba kimoja na mimi, na mwenye kumtaka aje anikute mimi kwanza.

Tulimkuta nyuma ya nyumba ya ndugu zake akianika mpunga. Amekonda, mabega yametoka. Alipotuona aliacha reki ikaanguka.

"Shikamoo, wifi," nikasema.

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Skola, umekuwa mrefu."

"Shikamoo, shangazi."

Nikamsogelea nimkumbatie. Akarudi nyuma. Nikadhani ni aibu, nikasogea tena, na akarudi tena mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Simama hapo hapo, Yustina."

"Wifi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Simama hapo. Umekatwa mpaka wapi?"

Nikamwonyesha. Nikavuta khanga. Akatazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka asiyapanguse.

"Nimekuja kukuchukua," nikasema. "Wewe hukufanya kitu. Nilimbana mwenyewe, ulikuwepo, uliona."

"Niliona."

"Basi?"

Kuku walikuwa wameshaingia kwenye mpunga, na hakuwafukuza.

"Huku chini nimekaa nikifikiri," akasema. "Koti lile lilikaa nyuma ya mlango mwaka mzima. Mimi nalala chumba hicho hicho. Mbona hakuniuma mimi? Mbona sikulikung'uta? Mimi nakung'uta kila kitu, Yustina, unanijua. Siku ile sikukung'uta. Na nilikuwa na wivu na wewe. Hukujua. Kwa ajili ya Skola, kwa ajili ya wale uliozaa. Siku nyingine nilikuwa nakutazama ukimnyonyesha na moyo unaniuma."

"Kila mtu ana wivu, wifi."

"Wanasema mtu anaweza kuwa nacho ndani yake na asijue. Kinatoka chenyewe." Alinitazama, na yale yalikuwa macho yale yale yaliyonitazama kule wodini nisitazame chini. "Mimi sijui tena. Labda nilimtuma."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia maneno ya daktari, yote, tangu mwanzo. Nilimwambia alinibeba kwenye bodaboda. Nilimwambia nywele, uji, mkeka kwenye baridi. Skola naye alimwambia. Alitikisa kichwa kila tulipomaliza, kwa upole, kama mtu anayesikiliza watoto. Mwishoni akasema twende, gari litatuacha, na hatakuja, na tusirudi tena kumtembelea, hasa Skola, kwa kuwa Skola bado ana mikono yote miwili.

Niliweka unga na maharage chini kwenye mkeka. Hakuvigusa mpaka tuliposogea mbali.

Gari lilipoanza kuondoka alitoka hadi barabarani. Skola akampungia kupitia dirishani, akampungia na kumpungia. Oresta alisimama pale kwenye jua akitutazama mpaka tukapinda, na muda wote ule mikono yake alikuwa ameificha mgongoni.